Gari la paa la kitambaa na mvua za Bumula

 

Leo sizungumzii Probox wala pikapu. Nazungumzia gari ambalo huenda hujaliona kijijini mwako: lile dogo la watu wawili, lenye paa la kitambaa ambalo hukunjwa nyuma ya viti kama mwavuli. Tafadhali usifunge ukurasa, wewe mwenye Probox. Mengi nitakayoyasema yanakuhusu. Isitoshe, nina kosa langu la kukiri, na nimeona afadhali nilikiri mbele yenu wasomaji kuliko kulificha.

Agosti ya mwaka wa 2024 ilikuwa ya tohara kwetu Bubukusu, kwa maana sisi hutahiri wavulana wetu katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwaka kama huo watu hurudi nyumbani kutoka Nairobi, Mombasa na kwingineko, na kila boma huwa na gari moja au mawili ya wageni. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alifika kwetu Bumula jioni ya Alhamisi akiendesha Mazda MX-5 nyekundu, paa likiwa limefunguliwa. Watoto waliikimbilia kutoka njia panda. Mama yangu, ambaye mpwa wangu humwita kukhu, alitoka nje na mkongojo wake, akaitazama, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mbona limekatwa kichwa?"

Tulicheka sana. Kisha kijana akaniuliza, "Khocha, niliegeshe wapi?" Nami, mtu niliyeshika spana miaka mingi, nikamjibu bila ya kufikiri, "Chini ya mwembe, jua lisiliunguze."

Hilo ndilo kosa langu, msomaji. Endelea kusoma uone lilikotupeleka.

Alifunga paa vizuri na kuingia nyumbani. Mvua ya alasiri ilinyesha Alhamisi hiyo, ikanyesha Ijumaa, na Jumamosi ikanyesha mpaka usiku. Hakuna aliyelikumbuka gari. Tulikuwa na wageni na shughuli. Mnamo saa nane za usiku mama alianza kupumua kwa shida. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kutoka nje mbio. Alifungua mlango, akakaa, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa za dashibodi zilipepesa mara moja, kisha zikazimika. Alipoweka mguu chini, maji yalimfika kwenye kifundo.

Mama alipelekwa hospitali mjini Bungoma katika Probox ya jirani, gari kuukuu la kubebea maziwa, ambalo mwenyewe hulichungulia oili na maji kila alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe. Liliwaka mara ya kwanza. Mama alitibiwa na akarudi nyumbani siku ya nne, Mungu ashukuriwe. Lakini tukiwa njiani usiku ule, kijana alikuwa ameketi nyuma kati ya mikebe, akaniambia kwa sauti ndogo, "Khocha, nililipia gari lile pesa za kununua kiwanja, na leo limeshindwa kumbeba kukhu."

Nilinyamaza. Aliyemwonyesha mwembe nilikuwa mimi.

GARI LENYEWE NI LIPI?

Mazda MX-5 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, mnamo Februari 1989. Huko kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, na baadaye Mazda Roadster. Kufikia mwaka wa 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja, na hakuna gari jingine la michezo la watu wawili, lenye paa la kufunguka, lililofikia idadi hiyo kabla yake. Toleo la nne lilianza kuuzwa mwaka wa 2015. Lina uzito wa takriban tani moja tu na paa lake hufungwa kwa mkono mmoja, bila ya mota.

Linafikaje Bumula? Kwa njia ile ile ya Probox: hutumiwa Japani, hupakiwa melini na kuteremshwa Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. La mpwa wangu ni la mwaka wa 2017.

Hapa pana jambo la kwanza la kujifunza. Gari la kutoka Japani huja na kitabu chake, lakini kitabu hicho huwa kimeandikwa Kijapani. Wengi hukitupa kwenye buti na kuendesha kwa kubahatisha. Ukinunua gari la namna hii, tafuta kitabu cha Kiingereza cha toleo hilo hilo na cha injini ile ile. Pesa utakazotoa ni kidogo mno kuliko gharama ya kosa moja.

MIFEREJI YA PAA

Sasa tuje kwenye maji. Wengi hudhani paa la kitambaa likivuja, kitambaa ndicho kimetoboka. Aghalabu sivyo. Maji ya mvua huteleza juu ya kitambaa, yakashuka hadi kwenye mfereji wa mpira ulio nyuma ya viti, kisha yakapita katika matundu mawili, moja kila upande, na kutokea chini ya gari karibu na magurudumu ya nyuma. Hivyo ndivyo lilivyoundwa.

Tatizo ni kwamba matundu hayo ni membamba. Jani moja, ua la mwembe, vumbi la barabara lililolowana likawa tope, hayo yote huziba. Maji yakikosa pa kutokea hujaa mferejini, yakafurika na kuingia ndani nyuma ya viti, chini ya zulia. Na chini ya zulia ndiko zinakopita nyaya nyingi za umeme. Fundi alipolifungua gari la mpwa wangu alikuta maviungio ya nyaya yamelowa, betri imekwisha, na katika tundu la kushoto donge la majani ya mwembe wangu lililoshikana kama ugali.

Dalili zake ni hizi. Ndani ya gari kunanuka uvundo. Vioo vinaingia ukungu kila asubuhi hata kama hakuna baridi. Ukifunga breki unasikia maji yakicheza mahali usipopaona. Ukibonyeza zulia kwa kidole linatoa unyevu. Ukiona moja kati ya hizi, usingoje nyingine.

Namna ya kuangalia ni rahisi, na huchukua dakika kumi. Funga paa nusu ili uuone mfereji nyuma ya mabega ya viti. Ondoa majani kwa mkono. Katika toleo hili kuna vichujio vidogo kwenye matundu hayo. Vitoe, vioshe, uvirudishe. Kisha mimina maji kidogo kidogo kwa kikombe, huku mtoto akichungulia chini ya gari. Akisema, "Yanatoka," umemaliza. Akinyamaza, pana kizuizi. Pitisha kamba laini ya plastiki kama ile ya mashine ya kukatia nyasi, taratibu. Usitumie waya mgumu wala usipulize kwa mashine ya upepo ya kujazia magurudumu, kwa sababu mpira wa ndani unaweza kutoboka au kuchomoka, na hapo utakuwa umejitafutia kazi ya kung'oa viti.

Watengenezaji hutaka vichujio vioshwe angalau mara moja kwa mwaka. Hao hawajaziona mvua zetu za Machi hadi Mei, wala zile za Agosti. Huku kwetu osha kila baada ya miezi mitatu, na kila mara baada ya kulala chini ya mti.

KITAMBAA NA MIPIRA

Paa la kitambaa lataka adabu kama nguo ya heshima. Lioshe kwa maji mengi, brashi laini na sabuni isiyo kali. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa ile dawa inayozuia maji kupenya. Mashine ya kuoshea kwa maji ya nguvu, ambayo vijana wa kuosha magari huipenda sana, isisogezwe karibu na mishono.

Usikunje paa likiwa limelowa. Ukilikunja na maji yake na kuliacha hivyo siku mbili, litaota ukungu wa madoadoa meusi ambao hautoki tena. Likaushe kwanza, hata kama una haraka ya kuonekana sokoni.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti ni sumu kwa kitambaa. Vitoe siku hiyo hiyo. Katika toleo hili pia tazama mahali ambapo kitambaa hugusana na vyuma vya paa ukilikunja na kulikunjua. Hapo husuguana, na kitambaa huanza kulika polepole. Mpwa wangu alikuwa na alama kama hiyo upande wa dereva. Tulimpelekea fundi mmoja wa Kitale ambaye kazi yake ni kushona maturubai ya malori, naye akatia kiraka kwa ndani, huwezi kukiona. Usidharau mafundi wetu. Mwambie tu mapema kwamba hutaki gundi ya viatu juu ya kitambaa.

Mipira inayozunguka vioo na milango ipanguse kwa kitambaa chenye maji, ikauke, kisha upake dawa ya silikoni kidogo. Usipake grisi wala mafuta ya kujipaka. Mafuta ya aina hiyo huufanya mpira uvimbe na kulegea, na baada ya miezi michache utavuja kuliko mwanzo.

MAGURUDUMU NA BARABARA ZETU

Nafasi kati ya tumbo la gari hili na ardhi haifiki sentimita 15. Sasa fikiria njia zetu za kupitishia miwa. Trekta likivuta trela iliyojaa huchimba mifuo miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Pikapu hupita juu ya tuta hilo bila habari. Gari dogo la michezo hupanda juu yake kama mtumbwi uliokwama mchangani, na bakuli la oili chini ya injini ndilo linalopigwa.

Ushauri wangu ni huu. Gurudumu moja lipite juu ya tuta, jingine ukingoni, wala usiingie mifuoni. Kwenye matuta ya kupunguza mwendo, pita kwa mshazari. Na mvua ikiwa imenyesha, acha gari penye lami, kwa mtu unayemwamini, upande bodaboda. Hakuna aibu. Ukifika nyumbani, inama uchungulie chini kama kuna oili inayodondoka. Taa ya oili ikiwaka dashibodini, zima injini pale pale; usiseme utafika tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wakwame ni kwamba gari hili halina gurudumu la akiba. Ukifungua buti utakuta chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hiyo huziba tundu la msumari, basi. Gurudumu likipasuka ubavuni kwa jiwe, chupa haikusaidii chochote. Vilevile chupa hiyo ina tarehe ya kwisha nguvu, isome leo. Upepo upimwe kila juma magurudumu yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Fundi wa pancha aliyezoea malori atakujazia mpaka gari lirukeruke kama mbuzi, msimamie.

Na hili niliseme kwa wazazi. Gari la watu wawili ni la watu wawili. Mtoto asipakatwe mbele hata kwa safari fupi ya kwenda kanisani. Mbele yake pana mfuko wa hewa ambao hufumuka kwa nguvu za kumwua mtoto mdogo. Kama una mke na watoto na pesa zako zinatosha gari moja tu, tafakari kabla ya kununua hili.

OILI, MAJI NA BREKI

Kosa kubwa ninaloliona gereji ni kumimina oili nzito ya injini kuukuu ndani ya injini mpya. Injini za kisasa kama hii zimeundwa kwa oili nyepesi. Kwa toleo hili ni ile iliyoandikwa 0W-20. Njia za oili ndani ya injini ni nyembamba, na kuna vifaa vinavyorekebisha vali kwa nguvu ya oili hiyo hiyo. Ukiweka 20W-50 ya trekta, oili huchelewa kufika asubuhi injini inapowaka, na hapo ndipo vyuma husagana. Soma mkebe mwenyewe kabla haujafunguliwa.

Kwa vumbi letu la Desemba hadi Februari, mimi hushauri oili na filta yake zibadilishwe kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Filta ya hewa ichunguliwe kila mara hiyo. Filta iliyojaa vumbi jekundu hulifanya gari linywe petroli na kukosa nguvu mlimani.

Petroli inunuliwe kituoni, penye wateja wengi. Injini hii hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kupitia vitundu vidogo mno. Petroli ya chupa kando ya barabara, yenye takataka au iliyochanganywa na mafuta ya taa, itakugharimu mara nyingi zaidi ya ulichookoa.

Katika redieta weka dawa maalum ya kupoza injini, wala si maji ya mtoni. Maji ya mtoni huleta kutu na matope. Na usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Mafuta ya breki ndiyo husahauliwa kuliko yote. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakikaa muda mrefu huwa na maji ndani yake. Siku utakapofunga breki mara nyingi ukiteremka, zitapata moto, maji yale yatachemka na kuwa mvuke, na mguu wako utazama mpaka chini bila ya gari kusimama. Badilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei. Hili ni la Probox, la matatu na la kila gari.

Giaboksi ya mkono nayo itendee kwa upole asubuhi. Usilazimishe gia ya pili kabla ya mafuta kupata joto. Ikikwaruza, usingoje, mwonyeshe fundi.

GARI LINALOLALA

Gari la starehe hulala siku nyingi. Lakini kompyuta zake hazilali. Hunyonya betri kidogo kidogo. Liendeshe angalau mara moja kwa juma, nusu saa nzima. Kuliwasha na kulizima uani hakusaidii, huimaliza betri tu.

Na jihadhari na panya. Ukiliegesha karibu na ghala la mahindi, panya watapenda joto la injini na watatafuna nyaya. Fungua boneti kila juma utazame vinyesi vyao na nyuzi zilizotafunwa.

RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila juma: oili, maji, upepo wa magurudumu, panya, majani juu ya paa.

Kila mwezi: osha kitambaa, panguse mipira, chungulia chini ya gari, bonyeza zulia kwa kidole.

Kila miezi mitatu: vichujio na matundu ya maji, kwa kikombe.

Kila miezi sita au kilomita 5,000: oili na filta, filta ya hewa, unene wa pedi za breki, mpangilio wa magurudumu.

Kila miaka miwili: mafuta ya breki yote.

Msomaji, ukihesabu utaona kwamba kazi nyingi hapa hazitaki pesa. Zataka macho na dakika chache. Jirani yetu wa maziwa hana digrii ya injini. Ana mazoea ya kuinama kila alfajiri. Mazoea hayo ndiyo yaliyomfikisha mama yangu hospitali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami naongeza kwamba usipozibua tundu utakausha zulia. La mpwa wangu tulilikausha juani siku sita, viti vikiwa vimetandazwa uani kama mahindi, na nyaya zikamgharimu mshahara wa mwezi mzima. Nusu ya gharama hizo nililipa mimi, na nilistahili.

Bado analo. Akija siku hizi huliegesha chini ya paa la mabati, kando ya zizi, mbali na ghala na mbali na mwembe. Mama, ambaye sasa anatembea bila ya kushikwa mkono, alielezwa habari za yale matundu akasema, kumbe gari lina masikio. Kijana hajazima hata injini, huwa tayari ameketi barazani akimsubiri kwa swali lake.

"Mjukuu wangu, umeyazibua masikio yake?"

Naye hushuka, huchota kikombe cha maji mtungini, na kumimina huku kukhu akitazama.

Na wewe, msomaji, ukirudi kutoka kanisani leo, inama chini ya gari lako, vyovyote lilivyo. Jumapili ijayo tutaangalia betri: kwa nini hufa asubuhi unapolihitaji gari zaidi. Mpaka wakati huo, endesha salama.